Utendaji wa vimeng'enya kwenye ngozi yenye ukurutu: tugawanye kwa eneo au kwa protini?

Mwanafunzi wa Baiokemia
Wanajukwaa, ninalinganisha utendaji wa kalikreini 5 na 7, vimeng'enya vinavyokata viunganishi vya seli zilizokufa ili ngozi ijichubue, kwa watu wenye ukurutu wa atopi na wasio nao. Ninabandua tabaka la juu kwa utepe wenye gundi, ninauloweka katika bafa (kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike), kisha ninaongeza peptidi iliyofungwa rangi ya AMC, ambayo hung'aa inapoachiwa. Nikihesabu kwa utepe, yaani kwa eneo la ngozi, ngozi yenye ugonjwa inaongoza kwa mbali. Nikigawanya kwa protini iliyotoka, tofauti inapungua sana. Nifuate hesabu ipi?

Fundi Maabara
Fuata protini, kwa kuwa ngozi yenye magamba huacha vipande vingi zaidi kwenye utepe, na hesabu ya eneo huishia kupima magamba. Peptidi moja hukatwa na vimeng'enya kadhaa, kwa hiyo weka pia sampuli yenye aprotinini, kizuizi cha vimeng'enya vya aina hii, uone ni kiasi gani cha mng'ao kinazimika. Wala usikimbilie kupima kiasi cha kalikreini kwa kingamwili: kalikreini hutengenezwa zikiwa hazijaamshwa, na kingamwili nyingi huhesabu zilizoamka na zilizolala kwa pamoja.

Daktari wa Ngozi
Ninakubaliana kwa sehemu tu. Ukurutu unaotoa majimaji huleta albumini ya damu juu ya ngozi, nayo ikiingia kwenye kigawanyo, utendaji huonekana mdogo kuliko ulivyo. Chagua vidonda vikavu na uripoti hesabu zote mbili. Linalonisumbua zaidi ni pH. Maabara nyingi hutumia bafa ya pH 8, inayozifaa kalikreini, ilhali uso wa ngozi yenye afya uko karibu na 5 na wa ukurutu hupanda juu ya hapo. Kwenye pH 8 unapima uwezo wa kimeng'enya, si kazi kinayofanya mwilini. Hata LEKTI, kizuizi chake cha asili, huishika kalikreini kwa nguvu pH inapokaribia 7 na kuiachia asidi inapoongezeka. Wenye ugonjwa wa Netherton, ambao jeni yao ya SPINK5 ina hitilafu, huikosa LEKTI hiyo na ngozi yao huchubuka kupita kiasi. Rudia kipimo kwenye pH 5.5.

Mwanafunzi wa Baiokemia
Ahsante, Daktari. Je, sehemu isiyo na kidonda ya mgonjwa yuleyule inatosha kuwa ngozi yenye afya?

Daktari wa Ngozi
Haitoshi, kwa sababu nayo huwa imedhoofika ingawa macho hayaoni. Ichukue kama kundi la tatu, kisha utafute watu wasio na ukurutu, wa umri unaolingana, sehemu ileile ya mwili, wote wakiwa wameacha kupaka dawa za steroidi kwa muda uliokubaliwa.