Niongeze pesa kwenye faiba, nihamie 5G au ninunue dishi? Naomba ushauri

Bi_Kibokoni:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naishi Mji wa Kale, Mombasa, nyumba ya marehemu babu: ghorofa moja, kuta za mawe ya matumbawe, nene kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Msimu kama huu faili moja halipungui GB 12, na bibi harusi ana shangazi Muscat na binamu Toronto wanaotaka kumuona alivyopambwa kabla asumini hazijanyauka.

Nalipa 2,500 kwa mwezi kwa faiba (intaneti ya waya) ya kampuni ndogo ya mtaani. Karatasi inasema kasi ni Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde. Lakini faili nikilianzisha kupanda mtandaoni baada ya isha, adhana ya alfajiri inanikuta bado nalingojea. Nimewapigia mara nne, jibu ni lile lile: zima ruta, hesabu mpaka kumi, washa.

Nimeulizia kwingine. Faiba ya Safaricom ya Mbps 15 ni 2,999, ya 30 ni 4,100. Starlink, ile intaneti ya setilaiti, ni 6,500 kwa mwezi, bei ya dishi kando. Halafu kuna ruta za 5G, zinazonasa mnara wa simu, kijana wa mauzo ananiambia hata waya sihitaji. Niko radhi kufika hiyo 6,500 mradi nilale. Nyinyi mngechukua ipi?

Kaka_Tudor:
Chukua dishi, dada. Mimi nimelifunga shambani Kilifi, ambako faiba hatutaiona leo wala kesho. Setilaiti zake ziko kama kilomita 550 juu, si zile za zamani za kilomita 36,000 ambazo ukisema "haloo" unakunywa chai kwanza ndipo ujibiwe. Simu ya video haina taabu.

Fundi_Waya:
Kaka, huko Kilifi sawa. Mji wa Kale kuna vichochoro, na dishi linataka anga wazi pande zote. Tena yeye shida yake ni kupandisha, si kushusha. Starlink wenyewe waliwahi kuandika kuwa kupandisha ni kati ya Mbps 5 na 20. Alipe 6,500 apate kile kile ambacho huenda tayari anacho?

Dada, kabla hujatoa hata shilingi, nijibu: ruta iko wapi, nawe unafanyia kazi wapi?

Bi_Kibokoni:
Ruta iko chini ukumbini, nyuma ya friji. Hapo ndipo fundi wao alipoona rahisi kutoboa. Mimi niko juu, chumba cha mbele, upepo unaingia.

Fundi_Waya:
Nyuma ya friji! Basi wewe waifai yako inagonga bati, inapanda dari ya boriti na chokaa, inakutana na ukuta wa babu, ndipo ikufikie imechoka hoi. Hata ukinunua Mbps 1,000 zitafia hapo hapo.

Fanya hivi. Azima waya wa mtandao, chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta, watu wote watoe simu zao, upime kasi. Andika kushuka na kupanda. Kisha pima juu chumbani bila waya. Rudia saa tatu usiku, wakati mtaa mzima umerudi nyumbani, kwa sababu faiba ya majumbani hugawanywa: waya mmoja kutoka kwao unaweza kuhudumia nyumba 32. Kampuni ikijaza wateja, utaiona usiku, mchana hutaiona.

Na hizo 20 ni megabiti, si megabaiti (MB) zinazopima faili. Gawanya kwa 8, unapata MB 2.5 kwa sekunde. Wengi hugombana na kampuni bure kwa sababu ya hesabu hii.

MamaPacha_Bamburi:
Mimi nalipia hiyo ya 4,100. Ilikuwa Mbps 20, Septemba 2024 wakaipandisha hadi 30 kwa bei ile ile, na sikusumbuka kuomba. Lakini mwanangu, usiangalie bei ya mwezi peke yake. Uliza: ruta ni yangu au yenu? Nikihama nairudisha? Mkikatika siku tatu, mwanifidia siku tatu? Mimi niliwahi kuwa na kampuni nyingine, siku zilipotea na wala hawakunisemesha.

Na stima je? Nilinunua betri ndogo ya ruta, haizidi ukubwa wa Kurani ya mfukoni. Ruta inakula wati chache tu. Dishi la kaka hapo juu linakula 75 hadi 100, hiyo betri yangu italiangalia tu.

Mjukuu_wa_Lamu:
5G usiiguse kwa nyumba hiyo. Kuta zenyewe hazipitishi hata harufu ya pilau. Labda uiweke dirishani, na hapo bado utagawana mnara na watu wote wanaopita Fort Jesus.

Kinachoniuma, waya wa intaneti wa baharini uitwao TEAMS umetua hapa hapa Mombasa tangu 2009 kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, sisi tuko mlangoni na bado twatambaa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya nyingine mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika siku moja, nilimuuliza wakala mmoja wa kampuni ya intaneti, wao wanapitia waya upi wa baharini. Akaniambia wa bluu.

Bi_Kibokoni:
Nimecheka peke yangu huku kama mwehu. Haya, vipimo:

Kwa waya, saa nne asubuhi: kushuka 19, kupanda 18.
Chumbani kwangu bila waya: kushuka 6, kupanda 3.
Kwa waya, saa tatu usiku: kushuka 11, kupanda 17.

Fundi_Waya:
Usiku wanakubana kwenye kushuka, hilo walalamikie ukiwa na karatasi ya vipimo mkononi. Kupanda kuko sawa. Kwa kasi ya 3, GB 12 zinachukua muda wa karibu saa tisa, ndiyo hiyo alfajiri yako. Kwa 17 ni saa moja na nusu na dakika kidogo. Nunua waya wa mita 20, upitishe kwenye ngazi. Usitoboe ukuta, hilo ni eneo la hifadhi.

Bi_Kibokoni:
Mita 20, shilingi 900, duka la Digo Road. Mdogo wangu ameupitisha pembeni mwa ngazi akaushika kwa misumari midogo. Friji naye amesogezwa.

Faili la harusi ya Jumamosi nimelianzisha saa mbili na robo usiku. Saa nne na nusu shangazi wa Muscat amenipigia, analalamika hina ya bibi harusi haikuonyeshwa karibu.