Alaska kwa meli na bi mkubwa, tupandie Seattle au Vancouver?

MamaWawili_MN
Habari za saa hizi wadau. Naombeni ushauri kwa mliowahi kwenda Alaska kwa meli ya kitalii. Bi mkubwa yuko kwangu Minneapolis kwa matembezi, tangu afike ni video za barafu zinavyobomokea baharini asubuhi hadi jioni, nikasema liwalo na liwe, mwisho wa mwezi wa tano nampeleka. Sasa nimekwama kwenye bandari. Seattle ndege bei nafuu, Vancouver kule Canada nauli imechangamka ila watu wanaisifia. Shida mama na bahari haviivi, boti ya Unguja-Pemba ikishafika mkondo wa Nungwi ni yeye na mfuko tu mpaka Mkoani. Mnasemaje?

Baharia_Mstaafu
Vancouver dada, wala usihangaike. Meli nyingi za Seattle zikishatoka mlango wa Juan de Fuca zinapita nje ya kisiwa cha Vancouver, yaani Pasifiki yenyewe, hakuna cha kuzuia wimbi, siku ya pili nzima mnayumba. Za Vancouver zinapita ndani, kati ya kisiwa na bara, maji yametulia, misitu huku na huku. Kisiwa kikiisha kuna kipande bahari iko wazi, saa chache tu, hapo dawa umpe mapema kabla hajaanza kulalamika. Na chumba chukua cha katikati ya meli, sitaha ya chini, huko juu mbele ndiko kunakosuka.

Kisauni_Boy
Dadangu kabla ya mawimbi, mama ana viza ya Canada?? Hapa ndipo watu hunaswa. Hata ukipandia Seattle meli lazima iguse Canada, kuna sheria ya Marekani ya 1886 inakataza meli za bendera ya nje kubeba abiria kati ya bandari zao bila kupitia nchi nyingine, na hizo meli kubwa bendera zao ni Bahamas, Panama huko. Ndio maana nyingi zinasimama Victoria, mji wa Canada, usiku, mwashuka saa mbili, saa sita ishaondoka, maduka yashafungwa, kisa sheria. Wewe kama una green card, ile kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, tangu Aprili 2022 unaingia na pasipoti na hiyo kadi, lakini mama itabidi aombe. Na ya Marekani iwe ya kuingia mara nyingi, manake Vancouver maafisa wa Marekani wanakukagua palepale Canada Place, gati la meli za kitalii, kabla hujapanda. Mimi na mzee wangu wakala alituambia "si mnarudi Seattle, viza ya nini", tukarudishwa kaunta na mabegi yetu. Pesa ikaenda hivyo.

Tunda_la_Tukuyu
Mie nilipandia Seattle na sijutii, bahari ilichafuka usiku mmoja tu, glasi zikagongana kabatini basi. Ila cheki gati kwenye tiketi, 66 iko mjini kabisa na 91 iko pembeni, sisi tulienda 66 kumbe meli iko 91 😂 Na usiongeze hela eti upate balkoni ya upande fulani, mkifika kwenye barafu nahodha anaizungusha meli kila mtu anaona. Sisi Glacier Bay, ghuba ya barafu huko Alaska, mbele ya barafu ya Margerie tulikaa kama saa nzima, watu kimya, unasikia vipande vinagonga ubavu wa meli tik tik tik, halafu mlio kama radi barafu ikibomoka. Sauti inachelewa, ukiisikia ukageuka kipande kishaanguka, kwa hiyo mwambie mama asisubiri mlio, akodoe macho tu.

MamaWawili_MN
Asanteni sana jamani. Viza ya Canada hana, naanza leo hii, ikitoka tunapandia Vancouver. Vipi ile safari ya kwenda tu inayoishia Whittier, bandari ya Alaska?

Baharia_Mstaafu
Nzuri, unaona zaidi huko kaskazini. Ila Whittier mkishuka mnapita handaki la kilomita 4, njia moja, magari na treni wanapokezana, halafu kama kilomita 100 hadi Anchorage ndo mpande ndege. Usikate ndege ya asubuhi. Bi mkubwa ataweza?

MamaWawili_MN
Ataweza, mguu anao, ni tumbo tu. Nimemsomea yote haya, kaitikia vizuri, sasa anauliza kama Canada wanaruhusu kuingia na ndimu zake.