Naomba ushauri: Mama anapoteza kumbukumbu baada ya kiharusi, tuuze shamba aende India kupandikizwa seli shina?

Habari zenu wakuu. Tupo Ujiji, Kigoma. Mama alipata kiharusi kwa sababu ya presha. Mkono umerudi, lakini akili inashuka kwa vipindi: anatulia, halafu ghafla anazidi. Siku hizi njia ya sokoni inampotea. Daktari kasema mishipa imeharibika, ubongo haupati damu ya kutosha.

Kaka yetu mkubwa kapata dalali anayepeleka wagonjwa India, anataka tuuze shamba la michikichi. Mimi nasita. Najua kupandikiza seli shina (seli changa zinazozaa seli nyingine) za uboho kunatibu selimundu na baadhi ya saratani za damu, hata hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wanafanya. Ila kwa ugonjwa wa mama bado ni utafiti, haijathibitishwa kuwa ni tiba. Dalali anaahidi atapona asilimia mia, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Kuna aliyempeleka mzazi wake? Alirudi na hali gani? Na nimwambieje kaka bila kuonekana nambania mama? Dawa za presha hatukosi. Wenye uzoefu wa kumtunza mgonjwa wa aina hii, hasa usiku anapong'ang'ania kutoka nje, nisaidieni jamani.