Watoto wadogo wakati wa mapumziko: mnafanyaje kicheko kinapowabana?

Mwalimu wa zamu aliuliza:

Habari zenu, walimu wenzangu na wazazi. Ninafundisha watoto wa miaka minne hadi sita, na mara mbili kwa wiki huwa na zamu ya kusimamia uwanja wakati wa mapumziko. Juzi mtoto mmoja alinijia akihema, akanishtakia kwamba mwenzake hataki kukubali kuwa ameonekana. Nilipotazama alikonionyesha, nilimwona huyo mwenzake amesimama katikati ya uwanja, hana mti wala ukuta wa kujikinga, amejiziba macho kwa viganja vyote viwili na kutulia tuli. "Nimemwambia nimemwona," alisema mshtaki, "lakini anasema siwezi, kwa sababu kuna giza." Nilijizuia nisicheke, nikashindwa, na yule aliyejificha akaondoa mikono usoni na kuanza kulia. Kilio kile kimenikaa moyoni. Naomba mnisimulie yaliyowakuta ninyi, na mniambie mnafanyaje mbele ya mtoto ambaye yeye hatanii hata kidogo.

Mwalimu wa chekechea alijibu:

Pole, mwenzangu, nami nimewahi kumliza mtoto namna hiyo. Kujificha kwa kuziba macho ni jambo la kawaida kabisa kwa watoto wa miaka mitatu na minne. Ukimuuliza mtoto huyo kama kichwa chake kinaonekana, huenda akakubali kwamba kinaonekana, lakini yeye mwenyewe haonekani, kwani kwake kuonana ni macho mawili kukutana na macho mawili. Hata kushinda wanakuelewa kwa namna yao. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza watoto wakicheza gololi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1932, aliona kwamba wadogo hucheza kila mmoja kwa kanuni zake ingawa wako pamoja, na wote wanaweza kushinda kwa wakati mmoja. Kwangu watoto watano walishindana kukimbia hadi ukutani na kurudi. Nilipouliza nani ameshinda, mikono yote mitano ikainuka. Nilipouliza nani ameshika mkia, walitazamana kwa muda, kisha mmoja akanijibu kwa upole kwamba ni mimi, kwa sababu sikukimbia kabisa.

Mama wa watoto wawili alijibu:

Binti yangu alirudi nyumbani na kiatu kimoja chake na kimoja cha rafiki yake, ambacho kilimbana hata akawa anachechemea. Nilidhani wamechanganya kwa bahati mbaya walipovua viatu wakicheza. Kumbe walibadilishana kwa makubaliano, tena kwa sababu aliyonieleza akiwa makini sana: kiatu chake kiende kulala kwa rafiki yake, ili wapate kuendelea kucheza hata yeye akiwa amesinzia. Nilicheka, lakini baada ya kumfunika shuka na kutoka chumbani.

Mwalimu mstaafu alijibu:

Wanangu, mimi sioni sababu ya kukimeza kicheko kila mara. Mtoto huumia anapochekwa bila kujua kisa chake, kwa hiyo nilikuwa nikimwambia papo hapo kilichonifurahisha, na mara nyingi tukacheka sote. Nawakumbuka watoto waliokuwa wakicheza nyumba: mmoja baba, mmoja mama, wawili watoto, na mvulana mdogo kuliko wote akapewa kuwa mlango. Alisimama wima tangu kengele ya kutoka, akigeuka upande kila mtu alipopita na kutoa mlio wa bawaba zinazohitaji mafuta. Nilimwonea huruma nikitazama jinsi wenzake walivyokuwa wakikimbia huku na huko, nikapendekeza naye awe mtoto wa tatu. Alinitazama kwa mshangao mkubwa, akaniuliza: "Sasa nikiondoka, watu wataingiaje ndani?"

Mwalimu wa zamu aliongeza:

Nawashukuru nyote, na kwako mwalimu mstaafu, shikamoo. Leo nilimwomba yule mtoto anifundishe kujificha kwake. Tulisimama pale pale katikati ya uwanja, nami nikajiziba macho kama yeye. Tulikaa kimya kitambo, kisha nikasikia sauti ndogo ubavuni mwangu ikiuliza: "Mwalimu, upo wapi?"