Ni vipande gani vya programu vinavyoweza kuondolewa kwenye Windows bila kuharibu vingine?

Mwalimu_Kilosa

Ndugu zangu, habari za jioni. Nina kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye Windows 10 na diski ya GB 128, ambayo Windows yenyewe huionyesha kuwa ni GB 119. Wiki iliyopita nafasi iliyobaki ilikuwa GB 6 tu, na mfumo ukaanza kukataa masasisho. Nilipofungua orodha ya programu nilikuta vitu vingi ambavyo sikuviweka mimi: Visual C++ ya 2008, 2010, 2012, 2013 na ya 2015–2022, kila moja ikijitokeza mara mbili, pamoja na Flash Player, Silverlight, QuickTime na programu mbili za kuzuia virusi.

Kwa kuwa majina yalikuwa yanajirudia, nilidhani matoleo ya zamani ni mabaki tu, nikaondoa Visual C++ 2010 zote mbili. Kesho yake programu tunayotumia shuleni kujumlisha alama za mitihani ilikataa kufunguka, ikidai kwamba faili MSVCR100.dll haipo. Matokeo ya kidato cha pili yanatakiwa Ijumaa. Nimeona pia folda iitwayo WinSxS ndani ya C:\Windows, inayoonyesha ukubwa wa zaidi ya GB 11, na mwenzangu mmoja amenishauri niifute yote. Kabla sijagusa kitu kingine naomba mnieleze nitawezaje kutofautisha kisichohitajika na kinachohitajika.

Fundi_Kaloleni

Pole sana, Mwalimu. Kwanza uondoe hofu kuhusu alama zenyewe: kuondoa Visual C++ hakugusi faili ulizoandika, kwa hiyo alama zako zipo, ila programu imekosa maktaba, yaani faili za msaada zinazokuja na Visual C++, ambazo inazihitaji ili iweze kuamka.

Matoleo hayo ya Visual C++ si nakala za kitu kimoja zinazorithiana. Programu iliyotengenezwa kwa Visual C++ 2010 hutafuta MSVCR100.dll kwa jina hilo hilo, na ile ya 2013 hutafuta MSVCR120.dll, kuwa na toleo jipya hakuzibi pengo la toleo la zamani. Ni kuanzia lile la 2015 ndipo matoleo yalipoanza kushirikiana, na ndiyo maana unaona 2015–2022 zimeandikwa pamoja. Kujitokeza mara mbili nako kuna sababu yake, kwani moja ni x86 kwa ajili ya programu za biti 32 na nyingine ni x64 kwa zile za biti 64, na programu ya biti 32 itahitaji x86 hata kama Windows yako ni ya biti 64. Programu nyingi za shule ni za zamani, kwa hiyo mimi ningeanza na x86.

Ipakue Visual C++ 2010 kutoka tovuti ya Microsoft, uisakinishe, kisha uwashe kompyuta upya. Tafadhali usiende kwenye zile tovuti zinazogawa faili moja moja za dll, kwa sababu huwezi kujua ni nani ameigusa faili hiyo kabla yako. Vifurushi hivi vyote kwa pamoja havichukui hata GB 1. Umejiletea hasara ya siku nzima kwa kutafuta nafasi mahali ambapo haipo, na makosa haya nimeyaona kwa wateja wengi, wakiwemo watu makini sana.

Vilivyokufa ndivyo vya kuondoa bila kusita. Adobe iliacha kuihudumia Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia maudhui yake yasicheze. Huduma ya Silverlight ilikoma tarehe 12 Oktoba 2021. Na QuickTime ya Windows haijapata marekebisho ya usalama tangu 2016. Hivi ni mzigo na pia ni mlango uliobaki wazi. Kwa programu mbili za kuzuia virusi, ondoa zote au ubaki na moja, na utumie kiondoaji cha mtengenezaji mwenyewe, kwa sababu programu za aina hii hupachika draiva (vijiprogramu vya kiwango cha chini) ndani kabisa ya mfumo na njia ya kawaida huacha baadhi yake. Ukiziondoa zote, kinga ya Windows yenyewe itajiwasha.

Salma_Mifumo

Naongezea kuhusu WinSxS, kwa sababu ushauri aliopewa Mwalimu ungeweza kuifanya kompyuta isiwake tena.

Folda hiyo ndiyo ghala la vipande vyote vya Windows. Faili nyingi zilizomo zimeandikwa mara moja tu diskini lakini zina majina mawili, moja likiwa ndani ya WinSxS na jingine ndani ya System32, na kidirisha cha folda huzihesabu pande zote mbili kana kwamba ni faili mbili. Hivyo ile GB 11 uliyoiona si ukubwa wake halisi. Ili kuupata, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi uandike `Dism.exe /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore`. Utaonyeshwa ukubwa wa kweli, na mstari wa mwisho utasema kama usafishaji unapendekezwa. Ukipendekezwa, andika `Dism.exe /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup` na uiache imalize, hata ikionekana kusimama kwa dakika kadhaa. Wapo wanaoongeza `/ResetBase` mwishoni. Mimi siipendekezi kwa kompyuta ya kazi, maana baada ya hapo hutaweza tena kuondoa masasisho yaliyokwisha kuingia, hata kama mojawapo litaharibu printa yako wiki ijayo.

Folda ya C:\Windows\Installer nayo iache kama ilivyo. Humo ndimo Windows huhifadhi faili inazozitumia kurekebisha na kuondoa programu, na anayezifuta hugundua baadaye kwamba hawezi tena kusasisha wala kuondoa chochote kilichozitegemea.

Kabla ya kuondoa kitu kinachofuata, fungua `sysdm.cpl` uhakikishe ulinzi wa mfumo umewashwa kwa diski C, kwa sababu kwenye kompyuta nyingi huwa umezimwa na mwenye kompyuta hana habari, kisha utengeneze alama ya kurejesha, yaani kumbukumbu ya hali ya mfumo unayoweza kuirudia mambo yakiharibika. Alama hiyo hurudisha mfumo na programu tu. Nyaraka zako zinahitaji nakala yake kwenye diski ya nje. Baada ya hapo ondoa kitu kimoja, washa upya, ufungue programu unazozitegemea, na uandike daftarini ulichoondoa. Programu zinazoahidi kusafisha rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, ziepuke. Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi yake, na nafasi zinayookoa ni ndogo mno.

Mwalimu_Kilosa

Nawashukuru sana. Nimesakinisha Visual C++ 2010 ya x86 na programu ya alama imefunguka, alama zote zikiwemo. Kuna rafiki aliyeniambia niandike `powercfg /h off` ili nipate GB 3 hivi kwa mara moja. Je, hilo ni salama?

Fundi_Kaloleni

Ni salama kwa mfumo, Mwalimu, lakini sijui kama linakufaa. Amri hiyo hufuta hiberfil.sys, faili ambayo kwa kawaida huchukua takriban asilimia 40 ya kumbukumbu ya kompyuta, na pamoja nayo hupotea uwezo wa kompyuta kuhifadhi kazi iliyo wazi na kujizima betri inapokwisha. Umeme ukikatika huko kwenu wakati unajaza alama na betri ni kuukuu, utaitamani GB 3 hiyo. Anza kwanza na mipangilio ya hifadhi, kwenye faili za muda. Ukikuta masalia ya Windows iliyotangulia, yaani folda Windows.old, yafute huko huko, ila ujue kwamba hutaweza kurudi kwenye toleo hilo. Halafu tazama vizuri kabla ya kubonyeza, kwa maana folda ya vipakuliwa nayo huwa kwenye orodha hiyo, na kama una mitihani humo itafutwa pamoja na takataka.

Salma_Mifumo

Ukimaliza hayo, fungua `optionalfeatures` uangalie kama SMB 1.0 imewekewa alama. Nafasi utakayopata haifiki popote, lakini hiyo ndiyo itifaki ya zamani ya kushirikiana faili kwenye mtandao ambayo kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017. Iondoe, isipokuwa kama shuleni kuna mashine ya zamani ya kunakili inayotuma faili kwa njia hiyo, uliza kwanza.

Mwalimu_Kilosa

Nimefuata mlivyosema, kimoja kimoja, kwa siku mbili. Windows.old ilikuwepo na peke yake ilikuwa na GB 14; usafishaji wa vipande umeongeza GB 2 na kidogo. Sasa nina GB 23 zilizo wazi, Visual C++ zote zipo mahali pake, na masasisho yameingia bila tatizo. SMB 1.0 ilikuwa imewashwa. Nimemuuliza mtunza ofisi, naye amesema mashine yetu ya kunakili haijaunganishwa na mtandao wowote, kwa hiyo nimeiondoa.