Nimesikia shairi likighaniwa, nataka kurudi kwenye ushairi. Nianzie wapi?

Mkaa Raskazone: Wakuu, heshima kwenu. Juzi rafiki yangu alinipeleka kwenye usiku wa mashairi hapa Tanga. Nilikwenda kumridhisha yeye tu. Tangu kidato cha nne sijafungua diwani kwa hiari. Shuleni tulihesabu mizani, yaani silabi za kila mstari, tukataja vina, zile silabi zinazofanana, na dhamira, basi.

Akapanda mzee mmoja, hana karatasi wala ala ya muziki, akaghani tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, ya kumlilia mkewe marehemu. Kila akifika kwenye kibwagizo, ule mstari unaorudiwa, ukumbi unaitikia. Ubeti wa tatu na mimi naitikia, donge limenikaa kooni. Zile mizani 16 za mstari, nane huku nane kule, ndizo zilizokuwa zikimpa mahali pa kuvuta pumzi! Hilo darasani hatukuambiwa.

Basi nimenunua diwani ya zamani. Nikiisoma kitandani kimyakimya hainigusi, na lahaja inanishinda. Nianze na nani, na nisomeje? Nawasilisha.

Bint Mvita: Kaka, hongera. Kwanza acha kusoma kimya, mashairi yetu yalitungiwa sikio. Anza na Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, mama mgonjwa anamuusia bintiye. Vipande ni vya mizani nane, vitatu vinakubaliana kina, cha nne kinarudi kwenye kina kimoja mwanzo hadi mwisho wa utenzi. Sikio likishakizoea kile cha nne, linakisubiri. Lugha ni Kiamu, lahaja ya Lamu: mato ni macho, ndia ni njia. Tafuta toleo lenye maelezo.

Mzee wa Chumbageni: Mwanangu, uko Tanga halafu unaanzia Lamu? Shaaban Robert kazaliwa Vibambani, hapo jirani, mwaka 1909, na Kiswahili chake utakielewa bila kamusi. Kisha msome Abdilatif Abdalla, *Sauti ya Dhiki*. Alifungwa Kenya miaka mitatu kwa kuikosoa serikali, akawa anaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yale ni mashairi ya arudhi, yaani ya kanuni za vina na mizani, na aliyatunga akiwa peke yake kizuizini. Ukiyaghani ukijua hilo, utayasikia vingine kabisa.

Kidato Sita: Wazee wangu, kwa heshima, msimfungie kwenye vina. *Kichomi* ya Kezilahabi, 1974, haina vina wala mizani na inachoma vilevile. Mimi ndiyo iliyonirudisha.

Bint Mvita: Mdogo wangu, aisome, lakini baadaye. Huyu kaguswa na sauti na kibwagizo, apewe kwanza kile alichokiendea.

Mkaa Raskazone: Shukrani sana. Jana usiku nimesoma Shaaban Robert kwa sauti, mke wangu akaacha alichokuwa akifanya akaja kukaa. Ila naona nasoma kama taarifa ya habari. Mahadhi, ule mpando na mshuko wa sauti, nayatoa wapi?

Mzee wa Chumbageni: Mahadhi hayapatikani kitabuni, mwanangu. Mrudie yule mzee, umwombe akughanie ubeti mmoja polepole, nawe umfuatishe mpaka akubali. Ukishaushika, tarbia yoyote ya mizani nane kwa nane itaingia kwenye mahadhi hayohayo. Na umchukue mkeo, kibwagizo kinataka mwitikiaji.