Sola ya nyumbani: paneli laki nne na nusu, jumla milioni moja laki tisa??

mkulima_tandahimba: Wakuu salamu. Huku kijijini nguzo za umeme zimeishia njia panda, mpaka zifike kwangu sijui lini, so pesa ya korosho nimeamua niweke sola. Fundi kanipigia hesabu hivi, paneli 2 za wati 200 laki nne na nusu, betri N100 (ya Ah 100) moja 550,000, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani laki nne, kontrola ya kuongoza chaji ya betri 120,000, waya stendi na ufundi 380,000. Mi nilijua gharama ni paneli kumbe haifiki hata robo! Nimepigwa au ndo bei? Nataka taa 5, tivii inchi 32, kuchaji simu na kafriji mama watoto auze barafu.

fundi_masasi: Hujapigwa sana ila umepimiwa vibaya mkuu. Taa za wati 7 ziwake saa 5 zote tano ni wati-saa 175 (wati mara saa), tivii wati 50 saa 5 ni 250, ukijumlisha na simu sema 450 kwa siku. Betri yako volti 12 mara Ah 100 (ujazo wake) ni wati-saa 1,200, lakini hizi za asidi ukizinyonya kupita nusu unaziua, so una 600 tu. Kafriji peke yake kanaweza kula 800 hadi 1,000 kwa siku, mchana paneli zitakabeba, saa saba usiku inveta inaanza kulia tii tii asubuhi barafu maji. Ukiacha friji paneli moja inatosha na inveta ndogo.

bimkubwa_mikindani: Mie nilikimbilia rahisi, nikauziwa betri ya gari muuzaji anaapa kabisa ya sola, miezi minane kwisha habari yake. Sasa nina lithiamu, iliniuma karibu mara mbili ila naitumia mpaka chini haina neno. Halafu mwanangu paneli ziangalie kaskazini, sie tuko kusini ya ikweta, fundi wangu alizielekeza barabarani eti zipendeze 🙄

kijana_newala: Na salfa jamani, ule unga wa dawa ya mikorosho! Mwezi wa 7 jirani anapuliza mikorosho, nikawa nashangaa betri haijai, kupanda juu paneli njano, ukipitisha kidole kinaacha mstari. Kitambaa na maji, asubuhi mapema kabla hazijapata moto.

mkulima_tandahimba: Huku anayepuliza salfa ni mimi mwenyewe 😂 Haya, fundi namwambia leo apunguze, friji msimu ujao. Sasa nani anamwambia mama watoto, maana ndoo za barafu keshanunua.